Mabega ya Bingwa

Kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana kulizunguka gogo zima la mpingo, kilianzia kwenye mieleka. Wachongaji walikiita dimoongo kabla wanasiasa hawajakipa jina, na inasimuliwa kwamba cha kwanza, kilichotoka mikononi mwa Yakobo Sangwani aliyevuka Ruvuma kutoka Msumbiji, kilionyesha mshindi wa pambano akiwa amebebwa juu na wenzake. Baadaye wakaingia akina mama wenye watoto mgongoni, wazee na watwangaji, na siasa ya miaka ya Azimio la Arusha ikajiona humo. Asili yake lakini ni uwanja wa mchezo: mtu mmoja juu, na chini yake mabega.

Watalii pale Mwenge, Dar es Salaam, huanza kutazama kileleni. Sisi tuliokulia Uwanda wa Makonde tulizoeshwa na wakubwa kuanzia katikati, maana huko ndiko fundi hujulikana. Mchongaji wa haraka haraka humaliza kilele vizuri, akarembesha na kitako cha gogo, kisha watu wa katikati akawafanya wote mapacha: nyuso zilezile, mikono inayoning'inia bila kushika chochote. Fundi hasa humpa kila mmoja uzito wake. Utaona shingo iliyolala upande kwa sababu kisigino cha mwenzake kimekaa begani, vidole vinavyobana kifundo cha mguu kisiteleze, goti lililojikunja kidogo kuupokea mzigo. Yote hayo ndani ya gogo moja, bila gundi wala kiungo, kwa tezo, patasi na tupa. Ukimtoa mmoja, wa juu yake hana pa kusimama.

Nimezoea kuitazama tenisi ya wanaume kwa jicho hilo. Mashindano makubwa huanza na wachezaji 128. Zinachezwa raundi saba, mechi 127, na kila mechi inamtoa mtu mmoja, mpaka abaki yule ambaye picha yake itatundikwa ukutani. Fainali ni mali yake. Nusu fainali ni mabega, na nathubutu kusema ufundi wa mchezo huu hauonekani popote kama pale. Raundi za mwanzo hazina ulinganifu: bingwa wa dunia anaweza kupangiwa kijana aliyepenya kwa mechi za mchujo na ambaye bado anashangaa ukubwa wa uwanja. Fainali nayo imejaa hofu ya historia, na nyingi nilizoziona zilikuwa mechi mbaya. Siku ya nusu fainali hukutana watu wanne walioshinda mara tano mfululizo, miili imechakaa, hila za kila mmoja zinajulikana, na bado hakuna aliyepewa kombe la kwenda nalo nyumbani. Kilichobaki ni kazi tu.

Najua mtu wa Masasi ataniuliza tenisi imetuhusu lini. Huku ni nchi ya mpira wa miguu. Ndanda yetu ilikuwa na jina lake kwenye Ligi Kuu, na marehemu Rais Mkapa, aliyezikwa kijijini Lupaso mwaka 2020, jina lake limebaki kwenye uwanja mkubwa wa taifa. Tenisi tunaijua kama mchezo wa klabu zenye ukuta na mlinzi getini. Sawa. Lakini mwaka 1874, Meja Walter Wingfield alipochukua hataza yake London kwa ajili ya tenisi ya majani, kilichowezesha jambo lile ni mpira wenye kudunda juu ya nyasi, na dunia ilikuwa imeingiwa na njaa ya utomvu wa kuutengenezea. Katika miongo ileile watu wa kusini mwetu waligema mitoria porini, wakaviringisha utomvu ukawa madonge, wakaushusha pwani, Lindi na Mikindani, kwa vichwa na mabega yao. Wamisionari wa UMCA walipofika Masasi mwaka 1876 waliikuta biashara hiyo ikianza kushika kasi. Kwa hiyo mtu asinifukuze kwenye mchezo huu kama mgeni aliyeingia kupitia dirishani.

Sasa nizungumzie Ijumaa ya tarehe 13 Julai 2018, siku ya nusu fainali za Wimbledon. Kombe la Dunia lilikuwa likiendelea Urusi, ila Ijumaa ile ilikuwa ya mapumziko: nusu fainali zao zilikwisha katikati ya wiki, mechi ya mshindi wa tatu ilikuwa Jumamosi, fainali Jumapili. Kibanda umiza nilichokuwemo Masasi hakikuwa na la kuonyesha. Mwenye kibanda akazungusha king'amuzi mpaka akaangukia majani ya kijani na watu waliovaa nyeupe, akaacha hapo. Ilikuwa saa tisa alasiri. Baridi ya Julai ilikuwa imewarudisha mapema watu waliokuwa wakipuliza salfa mikorosho yao, nao wakaingia kwa kukosa pa kwenda.

Uwanjani walikuwa Kevin Anderson wa Afrika Kusini na John Isner wa Marekani. Mmoja ana mita 2.03, mwingine 2.08. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu aliuliza huyu mwembamba anatoka wapi. Nikamwambia Afrika Kusini, Johannesburg.

"Siku hizi tunaruhusiwa kumshangilia?"

"Tangu 1994, mzee."

"Haya."

Swali lake halikuwa la mzaha. Masasi ilikuwa na askofu, Trevor Huddleston, kuanzia 1960 hadi 1968, na kabla ya kuletwa kwetu alikuwa Sophiatown, Johannesburg hiyohiyo, akipigana na ubaguzi wa rangi mpaka wakubwa wake wakamwondoa. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kusema kwamba nchi ile inyimwe wa kucheza naye. Mwaka 1970 ikatolewa katika Kombe la Davis, baada ya kumkatalia Arthur Ashe viza kwa sababu ya rangi yake. Wazee waliosali chini ya Huddleston hawajasahau nani aliyekuwa hashangiliwi.

Mechi yenyewe ilikuwa, kwa mtazamaji mvivu, ya kuchosha. Wote wawili walikuwa mafundi wa sevisi, ule mpira wa kuanzishia, na mtu mwenye sevisi ya namna ile ni vigumu kumnyang'anya gemu yake. Isner alikuwa hajapoteza hata gemu moja ya sevisi yake tangu mashindano yaanze. Siku ile alipiga sevisi 53 ambazo mwenzake hakuzigusa, na Anderson akapiga 49. Vijana wa nyuma wakaanza kulalamika kwamba hawa hawachezi, wanapigiana ukuta.

Mimi nilikuwa nawatazama miguuni. Uwanja wa tenisi una urefu wa mita 23.77. Mpira unaotoka kwenye raketi kwa kasi ya kilomita 210 kwa saa humfikia mpokeaji kwa takribani nusu sekunde, na ndani ya hiyo nusu sekunde lazima aamue upande, ageuze bega, apeleke raketi na kuchagua pa kuurudisha. Hakuna jicho linaloweza kuusubiri mpira wa namna ile. Mpokeaji husoma kabla: jinsi mpinzani alivyourusha juu, umeelemea kushoto au kulia, mgongo umepinda kiasi gani, begani kuna uchovu au hakuna. Halafu, sekunde ileile raketi ya mwenzake inapougusa mpira, huruka kidogo sana, vidole vya miguu vikiachana na ardhi kwa unene wa kiganja, ili atue akiwa tayari ameelemea anakokwenda. Karuko hako hakaonyeshwi katika marudio ya televisheni. Anderson alikafanya mara mamia siku ile, na mara nyingi hakakumsaidia kitu, kwa sababu mpira ulipita. Akakarudia kwenye pointi iliyofuata kwa uangalifu uleule. Kama kuna jambo moja linalonifanya nimheshimu fundi yeyote, ni hilo: kuendelea kufanya sawasawa jambo ambalo halijalipa bado.

Seti ya kwanza ikawa 7–6 kwa Anderson. Ya pili na ya tatu zikaenda kwa Isner, zote kwa taibreki, ile gemu ya kuamua seti iliyolingana. Ya nne akaichukua Anderson, 6–4. Wakati huo seti ya tano Wimbledon haikuwa na mwisho. Sharti mtu atangulie kwa gemu mbili. Ikafika 10–10. Ikafika 15–15. Giza likaingia Masasi, taa zikawashwa, watu wakatoka wakala wakarudi. Ikafika 20–20. Hakuna aliyelalamika tena. Vijana waliokuwa wakisema hawa hawachezi walikuwa sasa wanahesabu kwa sauti, na mmoja wao alikuwa ameanza kumfokea Isner kwa Kimakonde kana kwamba wamesoma shule moja.

Kwenye 24–24 likatokea tendo ambalo ningependa kuona mtu wa kwetu analichonga. Isner akiwa na sevisi yake, Anderson aliteleza akaanguka, raketi ikamponyoka kiganjani. Akainuka, akaiokota kwa mkono ulio karibu, ambao ulikuwa wa kushoto, akaupiga mpira kwa mkono huohuo, ukavuka wavu. Mpira ukarudi, yeye akiwa ameshahamisha raketi kulia, na pointi akaishinda. Anderson alikuwa mchezaji wa mkono wa kulia. Ila alipokuwa mtoto alifanyiwa upasuaji wa kiwiko, na kwa kipindi fulani akacheza kwa kushoto ili asikae bure. Ufundi ule ulilala mwilini mwake zaidi ya miaka ishirini bila kazi, ukaja kuamka kwenye gemu ya tisini na nane ya nusu fainali. Gemu ile akaipata, na iliyofuata. Mechi ikaisha 26–24, baada ya saa sita na dakika thelathini na sita, karibu saa nne usiku kwetu.

Anderson hakuruka wala kulala chini kwa furaha. Alimkumbatia Isner kwenye wavu, na alipohojiwa akasema kwamba kwake ilikuwa kama sare, ila sharti mtu mmoja apite. Isner, mwenye umri wa miaka 33, alikuwa amefika nusu fainali ya mashindano makubwa kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ikawa pia ya mwisho. Kwenye jukwaa, kabla mechi haijaisha, mtazamaji mmoja alisikika akiwapazia sauti wamalize, wao wanataka kumwona Rafa. Nilikasirika kwa niaba ya watu nisiowajua. Baada ya muda nikamwelewa. Alikuwa anatazama kileleni.

Rafa aliingia muda mfupi baadaye, Rafael Nadal dhidi ya Novak Djokovic, paa la uwanja likiwa limefungwa na taa zimewashwa. Mwenye kibanda alitaka kufunga. Tukamchangia kidogo ya umeme akanyamaza. Mechi hii ilikuwa ya aina nyingine kabisa. Sevisi ilikuwa salamu tu. Kazi ilianza baadaye, mipira kumi na tano, ishirini, kila mmoja akimsogeza mwenzake nusu hatua kutoka mahali anapopapenda. Nadal huandika kwa mkono wa kulia ila tenisi aliicheza kwa kushoto, na mpira wake ulizunguka kiasi kwamba ukitua ulipanda mpaka usawa wa masikio. Dawa ya Djokovic ilikuwa kuuchukua mapema, ukiwa bado unapanda, jambo linalotaka miguu ifike kabla ya mawazo. Saa saba usiku kwetu wakasimamishwa, kwa sababu halmashauri ya mtaa ule wa London hairuhusu mchezo kupita saa tano za usiku za kwao. Djokovic alikuwa mbele kwa seti mbili kwa moja.

Jumamosi wakaendelea saa tisa alasiri. Nadal akaichukua seti ya nne. Seti ya tano ikaanza kunoga, na saa kumi na moja ilipotimia mwenye kibanda akageuza king'amuzi kwenda Saint Petersburg, ambako Ubelgiji na Uingereza walikuwa wanagombea nafasi ya tatu. Alikuwa na haki. Ukumbi ulishajaa watu waliolipa kwa ajili hiyo. Kwamba Djokovic alishinda 10–8 nilikuja kusikia, na marudio nikayaona baadaye sana kwenye simu ya mtu.

Nawasifu hawa wanne, lakini wao walikuwa na majina tayari. Wapo ambao nusu fainali ndiyo siku pekee tuliyowaona. Mwaka 1983 Yannick Noah, aliyekulia Yaoundé na kuonwa na Arthur Ashe huko akiwa mtoto mwaka 1971, alitwaa ubingwa wa Ufaransa kwa kumfunga Mats Wilander. Kila Mwafrika mpenda tenisi anaijua siku hiyo. Nusu fainali yake anaikumbuka nani? Alicheza na Christophe Roger-Vasselin, Mfaransa mwenzake asiyekuwa hata kwenye orodha ya waliopewa nafasi, ambaye raundi iliyotangulia alikuwa amemtoa Jimmy Connors. Noah alimfunga 6–3, 6–0, 6–0. Ukiyasoma matokeo hayo unaweza kudhani hapakuwa na mechi. Ila bila Roger-Vasselin kumwondoa Connors njiani, huenda Noah asingeifikia fainali akiwa na miguu ileile. Mwana wa Roger-Vasselin, Édouard, alikuja kushinda ubingwa wa wachezaji wawili wawili kwenye mashindano hayohayo ya Paris mwaka 2014.

Na chini yao kuna tabaka jingine la gogo. Katika ukanda wetu Paul Wekesa wa Kenya alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, akiishi kwa sanduku na raketi zake kama wachuuzi wengine wa mchezo huu. Mwaka 2024 Rwanda iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya ngazi ya Challenger, Kigali, wiki mbili mfululizo. Mshindi wa ngazi ile aliondoka na pointi 50; Wimbledon humpa bingwa wake 2,000. Wiki ya kwanza Kamil Majchrzak wa Poland alimfunga Marco Trungelliti wa Argentina katika fainali, na wiki ya pili Trungelliti akaubeba ubingwa mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 34. Huyu Trungelliti mwaka 2018, wiki chache kabla ya nusu fainali nilizozisimulia, alisikia kwamba kuna nafasi imepatikana Paris baada ya yeye kutolewa kwenye mchujo na kuondoka zake Barcelona. Akapanda gari na mdogo wake, mama yake na bibi yake, wakasafiri saa kumi, na kesho yake akamfunga Bernard Tomic. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba kazi ya katikati haina maana. Angekuwa mchongaji, ningenunua kwake bila kuuliza bei. Au ningeuliza, maana na sisi wa korosho tuna miaka yetu, lakini nisingebisha sana.

Wakubwa wa Wimbledon waliona mwaka ule kwamba mambo yamezidi. Kuanzia 2019 wakaweka taibreki seti ya tano ikifika 12–12, na tangu 2022 mashindano yote manne makubwa yanamaliza seti ya mwisho kwa taibreki ya pointi kumi ikifika 6–6. Sababu zao nazielewa. Anderson aliingia fainali Jumapili miguu ikiwa imekwisha, na Djokovic akamfunga 6–2, 6–2, 7–6. Daktari yeyote angeunga mkono sheria hiyo, na wenye televisheni zaidi. Mimi bado naisikitikia ile seti isiyo na mwisho. Ilikuwa ndiyo nafasi pekee ya mtu wa katikati kukaa mbele ya macho ya watu mpaka wajifunze kumtazama, kama vijana wa kibandani walivyojifunza mahali fulani kati ya 15–15 na 20–20.

Isner aliishi na sheria mpya mpaka mwisho wa kazi yake. Mechi yake ya mwisho ya mchezaji mmoja mmoja ilikuwa kwenye mashindano makubwa ya New York, mwishoni mwa Agosti 2023, akiwa na miaka 38. Alishinda seti mbili za kwanza, akapoteza mbili zilizofuata, na ya tano ikaenda taibreki, akafungwa. Aliyemfunga ni Michael Mmoh, Mmarekani ambaye baba yake, Tony Mmoh, aliichezea Nigeria na kushiriki Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, enzi zilezile za kina Wekesa. Mmoh akapanda raundi ya tatu, akakutana na Jack Draper wa Uingereza, akatolewa.